Mnunuzi Asiyemiliki

Julai 2009 kampuni ya Amazon ilipenya kwa mbali ndani ya Kindle za wateja wake na kuvifuta 1984 na Animal Farm, vitabu vya George Orwell walivyokwisha kuvilipia. Muuzaji, ilielezwa, hakuwa na haki navyo Marekani. Fedha zilirejeshwa; Jeff Bezos akaomba radhi. Lakini mlango ule haukuzibwa. Februari 2025 ikaondolewa hata njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Mteja hulipia kitabu, hupewa idhini tu ya kukisoma, na masharti yanamkataza kuiuza. Tenzi za Pate na Lamu zilivuka karne kwa kunakiliwa kwa mkono. Mwenye nakala aliazimisha, akarithisha. Kwa nini basi Amazon iite ununuzi kile ambacho ni upangaji?