Ufunguo wa Kompyuta ya Nyumbani Uko kwa Nani?



Tumezoea kujadili katiba, uraia pacha na kura ya walio nje. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi watasema ni la mafundi, wakati kwa maoni yangu ni la siasa kabisa. Nani anaamua kama wewe uliyeko Leicester au Muscat unaweza kuingia kwenye kompyuta iliyoko Tanga, ukaona skrini yake na kufanya kazi ndani yake? Ni wewe na mwenye kompyuta, au ni kampuni iliyokaa katikati?

Mimi ni muuguzi, si mhandisi. Lakini chama chetu cha kusaidiana hapa Uingereza kilipeleka kompyuta zilizotumika kwenye zahanati moja ya kijijini. Kila zikigoma, kijana wetu mmoja aliingia kwa mbali akitumia programu maarufu ya kampuni moja, ambayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Siku moja mawasiliano yakakatwa na ujumbe ukatokea: tumegundua mnaitumia kibiashara, lipeni. Biashara gani jamani? Kuhesabu chanjo za watoto? Tuliandika barua, tukangoja, na zahanati ikarudi kwenye daftari. Kisheria kampuni haikukosea, maana programu ni yake na masharti ni yake. Na hapo hasa ndipo penye tatizo.

Wengi hawajui kwamba njia nyingine ilikuwepo miaka mingi kabla ya kampuni hizi. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT huko Marekani, Bob Scheifler na Jim Gettys walianzisha mfumo uitwao X. Kazi yake ni kuchora madirisha kwenye skrini na kupokea unachoandika kwenye kibodi. Chuo kilikuwa na mashine za makampuni tofauti, na mradi wake wa Athena ulitaka mwanafunzi akae mbele ya mashine yoyote na aikute kazi yake. Kwa hiyo X ilitenganisha mahali programu inapofanyia kazi na mahali inapoonekana. Programu inaweza kuwa kwenye mashine ya jengo lingine, na dirisha lake likafunguka mbele yako kana kwamba liko hapo hapo. Toleo la 11 lilitoka mwaka 1987, na ndilo lililokuja kubeba Linux kwa miongo kadhaa. Kufanya kazi kwa mbali hakukuwa huduma ya kulipia. Kulikuwa ndani ya mfumo wenyewe, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1999 Jim McQuillan alianzisha Linux Terminal Server Project, ambapo mashine kuukuu, hata zisizo na diski, zinategemea seva moja yenye nguvu. Afrika Kusini, Shuttleworth Foundation ilitumia utaratibu huo kwenye maabara za shule zilizoitwa tuXlabs. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, maabara ya Olivetti na Oracle iliyokuwa Cambridge ikatoa VNC, ambayo husafirisha picha ya skrini nzima badala ya maelekezo ya kuchora. Nayo ilitolewa pamoja na msimbo wake. Uhuru wa namna hii si hadithi ya wenzetu tu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na haukuhitaji kumpigia magoti mwenye mali.

Lakini tusidanganyane, X ilikuwa na kasoro. Ya kwanza ni maongezi mengi. Programu huuliza, hungoja jibu, kisha huuliza tena. Ndani ya jengo moja huhisi kitu. Lakini kwenye satelaiti iliyoko kilomita 36,000 juu, swali na jibu lake huchukua kama nusu sekunde. Maswali 100 yanayongojana yanakula karibu dakika nzima. Nyaya za baharini zilizofika pwani yetu mwaka 2009, SEACOM na ile ya TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, zilipunguza adha hiyo. Hata hivyo, zahanati inayotegemea modemu ya simu bado inaijua. Mbaya zaidi, mawasiliano yakikatika, dirisha la X hufa pamoja na kazi iliyokuwa ndani yake. Kwa VNC kazi hubaki upande wa pili ikikungoja.

Kasoro ya pili inanigusa kama muuguzi. Kwenye X, programu yoyote iliyofunguliwa kwenye skrini ile ile inaweza kwa kawaida kusoma kila unachoandika kwenye programu nyingine na kupiga picha ya kila kinachoonekana. Ni wodi isiyo na mapazia: mgonjwa wa kitanda cha kwanza anamsikia wa kitanda cha nne akieleza ugonjwa wake.

Ndiyo maana mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza mfumo mpya, Wayland, ambao kila programu huona dirisha lake tu. Toleo la 1.0 lilitoka 2012, Fedora ikaufanya wa kawaida 2016, na mwaka 2025 Red Hat Enterprise Linux 10 iliiondoa seva ya X, ikabakiza daraja la Xwayland kwa programu za zamani. Mwaka huo huo Ubuntu 25.10 nayo iliacha kutoa chaguo la kuingia GNOME kwa X. Kwa hiyo kompyuta za msaada tutakazotuma kuanzia sasa zitakuwa za Wayland, tupende tusipende.

Naunga mkono pazia. Ila Wayland yenyewe haikuwekewa njia ya kupeleka dirisha kwenye mtandao. Kazi hiyo imeachiwa programu nyingine. Zipo, na watengenezaji wake wanastahili pongezi. Waypipe, iliyoanza 2019, hupitisha madirisha ya Wayland ndani ya SSH. GNOME 46 ya mwaka 2024 inakuruhusu kuingia kwenye mashine hata kama hakuna aliyekaa mbele yake. Shida ni kwamba kila mazingira yana njia yake, na inayofanya kazi huku si lazima ifanye kazi kule. Tena mara nyingi, ukitaka kuitazama skrini ambayo mtu anaitumia, hutokea kidirisha cha kuomba ruhusa, na lazima aliye pale abonyeze. Kama kimeandikwa kwa Kiingereza na muuguzi wa zamu yuko peke yake anazalisha, nani atabonyeza?

Hospitalini tunajua ridhaa ni nini. Mgonjwa huelezwa kwa lugha anayoielewa, huamua mwenyewe, jibu lake huandikwa, na anaweza kulibadilisha. Kidirisha kisichoeleweka hakileti ridhaa. Humfundisha mtu kubonyeza ndiyo bila kusoma. Na mlango unaofunguliwa au kufungwa na kampuni ya mbali nao hauna ridhaa yetu.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chama kinachotuma kompyuta nyumbani kikubaliane na wenyeji, kabla hazijafungashwa, ni njia gani huria itatumika kuingia kwa mbali, na kiijaribu kwenye mtandao wa polepole. Njia hiyo ipite ndani ya SSH au mtandao binafsi, isiachwe wazi kwenye intaneti. Mganga mfawidhi awe na uwezo wa kuifunga wakati wowote, na kuwe na kumbukumbu ya nani aliingia na lini.

Pili, vijana wetu walioko kwenye kazi za kompyuta wasiishie kulalamika kwamba X imekufa. Miradi hii hupokea taarifa kutoka kwa yeyote. Wapelekeeni hali halisi ya mtandao wa Kigoma au Lindi, na vidirisha vya ruhusa vitafsiriwe kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida.

Tatu, halmashauri zinaponunua mifumo ziweke kwenye zabuni sharti kwamba njia ya kuingia kwa mbali itumie itifaki iliyo wazi, ili mzabuni akiondoka fundi mwingine aweze kuendelea.

Kuna watakaosema gharama ya kampuni ni ndogo, tulipe tu yaishe. Anayeweza alipe. Mimi nasema huduma ya mama na mtoto isisimame kwa sababu mtu ambaye hajawahi kufika kijijini ameamua chanjo ni biashara.

Naomba kutoa hoja.