Tarakilishi za Michezo: Tusinunue Majina

Imani moja imeota mizizi miongoni mwa wanafunzi wetu wa sekondari na wa vyuo vikuu, nayo ni kwamba tarakilishi ya kuchezea michezo hupimwa kwa bei yake. Mwenye laki tatu hudhaniwa kuwa na mashine iliyo bora mara tatu kuliko ya mwenye laki moja, na mwenye elfu arobaini huambiwa akae kando atazame wenzake. Imani hii ni potofu. Tena upotofu wake unawagharimu watu fedha ambazo hawana: akiba ya vibarua vya likizo, mkopo wa masomo, na wakati mwingine mbuzi wa mzazi aliyeelezwa kwamba chombo hicho ni cha kusomea.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa mitambo. Hata hivyo, miaka hii nimezungukwa na vijana wanaojiundia tarakilishi zao wenyewe, kipuri baada ya kipuri, nami nimejifunza mengi kutoka kwao. Nimetambua pia kwamba tatizo lao la kwanza ni la lugha kabla ya kuwa la umeme. Wanunuapo, hununua majina.

Tuanze na chombo chenyewe, maana usione vyaelea, vimeundwa. Ndani ya tarakilishi ya michezo mna wafanyakazi wawili wakuu. Wa kwanza ni prosesa, ambayo hukokotoa kila tukio la mchezo: mpira umepigwa kwa nguvu gani, adui amejificha wapi, gari limegonga nini. Wa pili ni kadi ya picha, ambayo hupokea hesabu hizo na kuzichora kwenye skrini mara kadhaa kwa sekunde. Mfano wao ni watu wawili jikoni, mmoja akikuna nazi na mwingine akikamua tui. Mkunaji akiwa mzito, mkamuaji hukaa bure hata awe na mikono ya chuma. Mkamuaji akiwa dhaifu, nazi hurundikana. Anayemimina fedha zote kwenye kadi ya picha na kuiunganisha na prosesa kongwe amemwajiri mkamuaji hodari wa kukaa kitako.

Lakini yupo wa tatu ambaye vijana humsahau, ambaye ndiye hasa anayeamua kazi iwe kubwa kiasi gani. Huyu ni skrini. Skrini ya kawaida ina nukta, yaani pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, ambazo jumla yake ni 2,073,600. Ile inayoitwa 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Hizo ni mara nne kamili. Basi kadi ya picha inayotosha kabisa kwa skrini ya kwanza inaweza kuhema mbele ya ile ya pili, na kadi kali iliyotengenezwa kwa ajili ya skrini ya pili hukosa kazi ya kutosha ikifungwa kwenye ile ya kwanza.

Kuna na suala la hetzi. Skrini ya hetzi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Tarakilishi ikichora picha 200, zile 140 za ziada haziongezi idadi ya picha zinazoonyeshwa. (Wachezaji wa mashindano watanisuta kwamba hata hivyo mkono huhisi wepesi fulani. Wana haki, lakini wepesi huo si wa kuuzia mbuzi.) Ukipanda kutoka hetzi 60 hadi 144, muda kati ya picha na picha hushuka kutoka takriban milisekunde 16.7 hadi 6.9. Ukipanda tena hadi 240, hushuka hadi 4.2. Hatua ya kwanza imekuokolea karibu milisekunde kumi, na ya pili haikufikisha hata tatu. Umbo hili la hesabu, ambapo kila nyongeza ya fedha huleta faida ndogo kuliko ile iliyotangulia, litatufuata katika mjadala wote.

Sasa tuzitazame bajeti zenyewe. Nitazitaja bei za dola kama zilivyotangazwa na watengenezaji siku ya kuzindua bidhaa, kisha nikadirie dola moja kwa shilingi 130, bila kodi wala nauli. Dukani bei huwa juu zaidi, lakini uwiano baina ya bidhaa na bidhaa hautofautiani mno.

Bajeti ya chini haistahili dharau inayotupiwa. Zipo prosesa zilizo na uwezo wa kuchora picha bila kadi ya ziada, kama vile Ryzen 5 5600G iliyotoka mwaka 2021. Mchezo wa kandanda wa EA Sports FC, au Valorant, huchezeka humo ukipunguza urembo wa picha. Sharti moja tu: vijiti vya kumbukumbu viwe viwili, wala si kimoja chenye ukubwa wa vyote viwili. Prosesa ya aina hii huazima kumbukumbu ya mashine kwa kuchorea picha, na vijiti viwili huipa njia mbili za kupitia. Mabadiliko haya hayagharimu karibu chochote, na huiongezea mashine kasi inayoonekana kwa macho. Njia nyingine ni kununua mtumba wa ofisini kutoka ng'ambo na kuutia kadi ndogo ya GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo aina zake nyingi hula wati 75 tu na hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Hili ni jambo kubwa, kwa kuwa mashine za ofisini huja na visanduku vya umeme vidogo ambavyo haviwezi kubeba kadi nzito.

Bajeti ya kati ndiyo ninayoipigia debe. Mwezi Juni mwaka 2023 kadi ya RTX 4060 ilizinduliwa kwa dola 299, yaani takriban shilingi 38,900. Ukiiunganisha na prosesa ya kiasi kama Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, utacheza sehemu kubwa ya michezo mipya kwenye skrini ya kawaida kwa picha 60 kwa sekunde au zaidi. Ina upungufu wake. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 8, na ipo michezo mipya inayoona kiasi hicho ni kidogo ukitaka urembo wote. Ukipunguza ngazi moja ya urembo mchezo huendelea, na aliyeketi kando yako hatatambua.

Juu kabisa ya ngazi hiyo palikuwa na RTX 4090, iliyozinduliwa Oktoba 2022 kwa dola 1,599, yaani takriban shilingi 207,900. Bei yake ni zaidi ya mara tano ya ile ya 4060. Je, kasi nayo ni mara tano? La hasha. Kwenye skrini ya 4K, uwanja ulioandaliwa kwa ajili yake, ni kama mara tatu hivi. Kwenye skrini ya kawaida tofauti hupungua zaidi, kwa sababu mkunaji hawezi tena kumtosheleza mkamuaji. Kizazi kilichofuata mwaka 2025 hakikupunguza pengo hilo la bei: RTX 5060 ilitangazwa kwa dola 299 na RTX 5090 kwa dola 1,999.

Isitoshe, gharama haziishii dukani. RTX 4090 imepangiwa wati 450, na 4060 wati 115. Tofauti ni wati 335. Mtu anayecheza kwa nguvu zote saa tatu kila siku atatumia, kwa tofauti hiyo peke yake, takriban yuniti 30 za umeme kwa mwezi. Anayenunua tokeni kwa simu ajikadirie mwenyewe. Nami nashangaa sana ninapomwona kijana aliyetumia laki mbili kwa kadi akipunguza gharama kwenye kisanduku cha umeme, ilhali sote tunajua jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Hapo ndipo ule msemo wa rahisi ni ghali unapotimia, maana kisanduku kibovu kikiungua kinaweza kuondoka na mashine nzima.

Hata katika prosesa, bei kubwa si dhamana. Ryzen 9 7950X ilizinduliwa mwaka 2022 kwa dola 699 ikiwa na viini 16. Miezi michache baadaye, Aprili 2023, ikaja Ryzen 7 7800X3D kwa dola 449, yenye viini 8. Katika michezo mingi hii ya bei nafuu huishinda ile ghali, kwa kuwa imepewa ghala kubwa zaidi la kumbukumbu ya karibu, megabaiti 96, ndani ya prosesa yenyewe, na michezo hupenda hivyo kuliko wingi wa viini. Mhariri wa filamu angechagua ya kwanza, na angekuwa sahihi. Swali la ipi bora halijibiki kabla ya kuuliza: bora kwa kazi gani?

Nimefika sasa kwenye lile linalonikera kitaaluma, yaani majina. Katika lugha, neno halina uhusiano wa lazima na kile linachokitaja. Hilo ni somo la kwanza katika darasa langu. Wauzaji wa vipuri wamelielewa somo hili kuliko wanafunzi wangu. Chukua jina Core i7, ambalo limekuwapo tangu mwaka 2008. Mwanafunzi mmoja aliuziwa mjini tarakilishi iliyobandikwa karatasi yenye maandishi i7 makubwa mno. Tulipoifungua tulikuta i7-2600, ya mwaka 2011. Ina viini vinne. Prosesa ya i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina vinne, na kila kimoja kina kasi takriban mara mbili ya cha ile kongwe. Kijana alikuwa ameikataa i3 katika duka la jirani kwa sababu tatu ni ndogo kuliko saba. Nambari ya kwanza hutaja tabaka ndani ya familia moja, na umri hutajwa na tarakimu zinazofuata. Hakuna aliyemfundisha sarufi hiyo, na muuzaji hakuwa na haraka ya kumfundisha.

Wala tusidhani kwamba hila hii ni ya wachuuzi wadogo. Kadi ya GT 1030 ilitoka mwaka 2017, na mwaka 2018 ikatolewa nyingine yenye jina lilo hilo lakini kumbukumbu ya aina ya polepole, ambayo upana wa njia yake ulishuka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi takriban 17. Jina moja, vitu viwili. Septemba 2022 kampuni ya Nvidia ilitangaza kadi mbili zilizoitwa RTX 4080, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya 12, kana kwamba tofauti ilikuwa kumbukumbu tu. Kumbe viini vya kwanza vilikuwa 9,728 na vya pili 7,680. Wanunuzi walipiga kelele, na mwezi uliofuata kampuni ikaiondoa ile ndogo kabla haijauzwa. Januari 2023 ilirudi ikiitwa RTX 4070 Ti, kwa bei iliyopungua kwa dola 100. Chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni jina, na jina lilikuwa na thamani ya dola 100. Mwanaisimu hahitaji ushahidi mwingine.

Sisi nasi tuna letu. Katika Kiswahili cha madukani, neno "memori" hutumika kwa kumbukumbu ya muda na pia kwa diski ya kuhifadhia. Mteja akiambiwa mashine ina memori ya 500, huona kuwa ni nyingi ajabu, kumbe kumbukumbu yake ya kazi ni gigabaiti 4 na 500 ni diski ya kizamani inayozunguka. Vitabu vyetu vya shule hutofautisha kumbukumbu na hifadhi. Tofauti hiyo ikifika dukani italinda mifuko ya watu.

Najua wapo walimu wenzangu watakaouliza kwa nini mhadhiri anapoteza wino kwa ajili ya michezo. Jibu langu ni kwamba mashine inayochora uwanja wa mpira vizuri ndiyo ile ile inayohariri video ya tamasha la muziki, na inayochanganua sauti za lahaja kwa ajili ya tasnifu. Kijana atakayeiunda kwa kupiga hesabu atakuwa amefanya kazi ya hisabati na fizikia bila kushurutishwa. Mwalimu wa somo la tarakilishi angeweza kutenga vipindi viwili, awape wanafunzi bajeti tatu na orodha za bei za maduka matatu, kisha kila kundi litetee chaguo lake mbele ya darasa. Masharti yawe kwamba skrini itajwe kwanza, kisha mchezo au kazi, na kila kipuri kitajwe kwa jina kamili na mwaka wake wa kutoka. Kundi litakaloandika "i7" peke yake lirudishwe kuandika upya.

Na wauzaji nao, ikiwa kweli wanajiamini, waandike mambo manne kwenye karatasi ya bei: jina kamili la prosesa, jina kamili la kadi ya picha na aina ya kumbukumbu yake, idadi ya vijiti vya kumbukumbu ya mashine, na wati za kisanduku cha umeme. Karatasi wanayoandikia "i7" ina nafasi ya kutosha.