Dawa za Siku 14

Karibu kila makala iliyotufikia kwa ajili ya toleo hili inalo neno “mtoro”: mgonjwa wa sukari, presha au moyo aliyelazwa, akaruhusiwa, kisha asionekane tena kliniki. Tumelizoea wodini kiasi kwamba tunaliandika kwenye faili bila kusita. Mimi neno hili linanikera.

Nimeshika karatasi ya ruhusa ya mama mmoja aliyelazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Ugonjwa umeandikwa vizuri, majibu ya vipimo yote yamo. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka: “Aendelee na dawa. Arudi kliniki baada ya mwezi.” Dawa zipi, haikuandikwa. Kibahasha cha furosemaidi alichopewa dirishani kilikuwa na vidonge 14, kimoja kwa siku. Kuanzia siku ya 15 hadi tarehe ya kliniki ameze nini? Zahanati ya kijijini kwao haikujua kwamba amerudi. Miguu ilipoanza kuvimba, tabibu wa pale alianza kumuuliza upya mambo ambayo sisi tulikuwa nayo yote kwenye faili. Na kwenye daftari la kliniki, mbele ya jina lake, tukaandika: mtoro.

Utafiti wa THESUS-HF uliotoka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Karibu 18 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 180, na wastani wa umri wa wagonjwa wote ulikuwa miaka 52 tu. Miaka 10 baadaye utafiti wa STRONG-HF, uliohusisha pia Msumbiji na Nigeria, ukatupa pa kushika. Wagonjwa walioonwa wiki ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6 baada ya kuruhusiwa, huku dozi za dawa zao za moyo zikipandishwa mapema, walifariki au kulazwa tena kwa moyo kwa asilimia 15.2, waliofuatiliwa kwa mazoea walifikia asilimia 23.3. Sehemu kubwa ya dawa hizo tunazo. Tusichokuwa nacho ni mtu wa kumwona mgonjwa wiki ile ya kwanza.

Wenzetu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, wanalijua hili siku nyingi. Mgonjwa wao akikosa tarehe, yupo wa kupiga simu, na yupo mhudumu wa jamii anayeijua nyumba yake. Wa sukari akikosa, faili linarudi kabatini.

Katika toleo hili, makala ya kutunza insulini kwenye chungu chenye unyevu isomwe na kila muuguzi wa wodi. Ya mfungo wa Ramadhani ni fupi na imetulia. Ya gharama za dawa baada ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ni ndefu, na inastahili urefu wake. Ile inayotaka mgonjwa atie saini ahadi ya kuhudhuria kliniki tumeichapa, lakini siiungi mkono: wa kwanza kutia saini awe yule anayemruhusu.

Kuanzia toleo lijalo, mwandishi atakayetuhesabia watoro atuandikie pia waliondoka na dawa za siku ngapi, tarehe ya kliniki ilikuwa lini, na ni nani aliyeipigia simu zahanati ya kwao.