Si Kila Katuni ni ya Watoto

Ndugu msomaji, neno katuni likitajwa nyumbani, watoto ndio wa kwanza kukimbilia mbele ya televisheni, na wazazi huendelea na shughuli zao bila wasiwasi. Jumapili hii safu yako inakuletea katuni ambayo mzazi hana budi kuitazama kwanza peke yake. Jina lake ni A Scanner Darkly. Iliongozwa na Mmarekani Richard Linklater, ikaanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya kwao mwezi Julai 2006, nayo ikapewa daraja la kuwazuia huko watoto walio chini ya miaka 17 kuingia bila ya mzazi au mlezi. Tangu wakati huo watazamaji wake wamegawanyika makundi mawili, na mgawanyiko huo una somo kwa kila mwenye familia.

Hadithi yenyewe ni ya kubuni, ya wakati ujao, nayo imetokana na kitabu cha Philip K. Dick kilichochapishwa mwaka 1977. Huko California imeenea dawa ya kulevya iitwayo Dawa D. Kachero mmoja, anayejulikana kazini kwa jina la Fred, huvaa vazi la ajabu linalobadilisha sura yake kila nukta, hata wakubwa wake wasimtambue. Akilivua vazi hilo yeye ni Bob Arctor, aishiye nyumba moja na watumiaji wa dawa ili awapeleleze; na ili aaminike kwao, naye huitumia. Siku moja anapewa amri ya kumchunguza mtu anayeshukiwa kuliko wote. Mtu huyo ni Bob Arctor. Kwa kuwa dawa imekwisha kuzifarakanisha pande mbili za ubongo wake, taratibu anasahau kwamba anayemchungulia ni yeye mwenyewe.

Filamu hii haikuchorwa kama katuni tulizozizoea. Wachezaji halisi, miongoni mwao Keanu Reeves, Robert Downey Jr., Woody Harrelson na Winona Ryder, walipigwa picha kwanza, kisha wachoraji wakachora juu ya picha hizo kwa kompyuta. Mbinu ya kuchora juu ya picha za watu ni ya zamani, kwani Max Fleischer aliianzisha miaka zaidi ya 100 iliyopita. Lakini kazi yake haijapungua. Yasemekana dakika moja ya filamu hii ilihitaji saa zipatazo 500 za uchoraji.

Kundi la kwanza la watazamaji lilitoka limechoka. Walilalamika kwamba michoro haitulii: kuta zinayumba, nyuso zinacheza, macho yanauma. Waliotarajia bunduki na vyombo vya anga walikuta vijana wameketi sebuleni wakibishana. Walilalamika pia kwamba hawakuweza kujua nani msema kweli na nani mnafiki. Mapato nayo yalikuwa haba: gharama zilizidi dola milioni 8, na makusanyo ya majumba ya sinema hayakuzifikia.

Kundi la pili linasema kwamba uchovu huo ndio filamu yenyewe. Mtumiaji wa dawa huiona dunia ikiyumba vivyo hivyo, na humshuku rafiki yake vivyo hivyo. Hawa husifu hasa uigizaji wa Downey, na hukisimulia kwa vicheko kisa cha baiskeli. Mwenzao mmoja amenunua baiskeli ya gia 18. Wanahesabu meno ya nyuma, wanapata magurudumu sita; ya mbele, matatu. Sita na tatu ni tisa! Basi gia nyingine tisa zimekwenda wapi? Nani ameziiba? Fundi yeyote wa baiskeli chini ya mwembe angewaeleza kwamba hapo huzidishi kwa kujumlisha, bali sita mara tatu ndiyo 18. Wao wanaligeuza jambo hilo kuwa njama.

Safu hii inaliunga mkono kundi la pili, ila inawakumbusha wenye kucheka kwamba filamu haikuishia kwenye baiskeli. Mwishoni huonyeshwa maneno ya mtunzi na orodha ya rafiki zake ambao dawa ziliwaua au kuwaharibu akili na viungo. Dick hakuwazua watu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyumba yake huko California ilikuwa kimbilio la vijana wa namna hiyo, naye mwenyewe alikuwa akitumia dawa. Mwaka 1972 aliingia katika nyumba ya kuwatunza waraibu nchini Kanada. Katika orodha ya kitabuni alijitia na yeye. Alifariki mwaka 1982, kabla ya filamu hii kufikiriwa.

Hoja yake ni kwamba watu hao walikosea, lakini adhabu waliyoipata iliwazidi kosa. Hapo, ndugu msomaji, ndipo filamu inapotugusa. Sisi tunayo methali: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake, ukimkata atajifunza. Lakini wembe huu haufunzi, maana unaikata ile akili ambayo ingejifunza. Mzazi anayesema kuhusu mwanawe aliyeingia katika unga, "Mwache, dunia itamfunza," anamkabidhi kwa mwalimu asiyerudisha wanafunzi.

Jambo moja katika filamu lataka tahadhari. Nyumba ya tiba anakopelekwa Arctor ndiyo inayolima kwa siri ua la buluu linalotengenezewa dawa ileile. Ni onyo la haki kwamba tuwaulize wanaofaidika na msiba wa watu. Lakini lisitufanye tuikimbie tiba. Hapa kwetu hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwapa methadoni walioathiriwa na heroini, na wako waliorudi kazini na kwa watoto wao. Huduma ilipoanza, mgonjwa huyo hakuwa na budi kufika kila siku kuinywa dawa yake mbele ya mhudumu, nayo haikuwa safari nyepesi kwa mtu asiye na nauli wala wa kumsindikiza.

Itazame basi filamu hii na vijana wako waliokwisha kukua. Wakicheka penye baiskeli, cheka nao. Orodha ya majina itakapopita, usiizime televisheni. Waulize ni nani wa mtaani kwenu angeweza kuandikwa humo, na ni nani kwenu anayejua alikolala jana.