Lazima ya Shule Si ya Mzazi Peke Yake

Katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Kisarawe, mbali kidogo na barabara iendayo Maneromango, yupo mzee mmoja mkulima wa mihogo na mikorosho. Ana watoto wawili wa umri wa kwenda shule. Yule wa kiume alianza kutoroka darasani, akawa anakwenda kuchoma mkaa pamoja na wenziwe. Haukupita mwezi, mzee akaitwa ofisi ya kijiji, akaonywa kwamba asipomrudisha mtoto shuleni atapelekwa mahakamani, kwa kuwa elimu ni lazima. Mzee akatii. Kijana yumo darasani mpaka leo.

Wa pili ni wa kike, naye hasikii. Alipotimiza miaka saba, baba yake alimshonea sare akampeleka shule ile ile. Akajibiwa: "Huyu hapa hatuna mwalimu wake, mzee wangu. Mpeleke Dar es Salaam." Mzee akarudi naye nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita ofisini, hakuna aliyemwonya, wala hakuna aliyeuliza binti yule yuko wapi.

Ndugu wanachama, hatuandiki habari hii kwa kumlaumu mwalimu aliyejibu vile. Alisema kweli: mwalimu hakuwapo. Twaiandika kwa sababu nyumba hiyo moja yatuonyesha kosa lililoenea mahali pengi. Neno "lazima" linamkamata mzazi, lakini likifika mlangoni mwa shule linanyamaza. Sisi twasema kwamba lazima ina pande mbili. Ikiwa mzazi analazimika kumleta mtoto, basi na wenye shule wanalazimika kumpokea na kumfundisha.

Tazameni sheria zenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka wajibu wa kila mtoto aliyefika miaka saba kuandikishwa shule na kuhudhuria. Haikusema kila mtoto anayesikia, wala kila mtoto anayeona. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayowapa haki sawa ya kusoma pamoja na wenzao. Kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa toka shule ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa hadi kidato cha sita. Kisha tarehe 1 Februari 2025, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023. Sera hiyo yataka elimu ya lazima iwe miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Vile vile imefungua mkondo wa amali, ili kijana amalize shule akiwa na ufundi mkononi.

Sera hii ni njema na twaiunga mkono. Lakini yatupasa kuona jambo moja. Zamani mtoto aliyeachwa nyumbani aliachwa nyuma na wenzake kwa miaka saba ya msingi. Sasa ataachwa nyuma kwa miaka 10, na ufundi juu yake. Kadiri wengine wanavyosogezwa mbele, ndivyo shimo kati yao na yeye linavyozidi kuwa refu. Na mkondo wa amali ndio ungemfaa sana. Kijana asiyesikia aweza kuwa fundi seremala au fundi cherehani hodari, mradi awepo mwalimu wa kumweleza kipimo kwa lugha ya alama. Kijana wa kiti mwendo aweza kutengeneza redio, mradi mlango wa karakana usiwe na ngazi na meza isiwe juu ya kichwa chake.

Wako watakaosema kwamba kazi hii si ya vijijini, ni ya shule maalumu. Shule hizo twaziheshimu. Mwaka 1950 kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora, na mwaka 1974 ikaanza shule ya viziwi Buguruni, Dar es Salaam. Kazi yao ni kubwa. Lakini shule chache haziwezi kubeba watoto wa nchi nzima. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka saba na kuendelea, 11 hivi wana ulemavu wa namna fulani. Tena si kila mzazi wa Mzenga au Vikumburu anayeweza nauli ya kwenda na kurudi mjini, wala si kila mama aliye tayari kumtoa mtoto wa miaka saba, asiyeweza kusema anapoumwa, akalale kwa watu asiowajua.

Sasa tuje kwa mwalimu, maana ndiye ufunguo. Sisi wengine tuliopita vyuo vya ualimu twajua jinsi habari za watoto hawa zilivyofundishwa: somo fupi, mtihani, basi. Tulitoka tukijua majina ya aina za ulemavu, lakini hatukujua kusoma hata herufi moja ya nukta nundu. Walimu waliosomea kazi hii hasa, kama wale wanaotoka Chuo cha Patandi kule Arusha, wapo, lakini ni wachache. Na tazama wanavyotumiwa. Mmoja anapelekwa shule ambayo haina mtoto hata mmoja aliyeandikishwa mwenye ulemavu, anapewa hisabati na Kiswahili kama mwalimu mwingine yeyote. Mwingine anakaa miaka miwili na watoto wake, wamekwisha zoea mikono yake, mara inakuja barua ya uhamisho. Anaondoka, na ile lugha inaondoka naye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu mmoja asiyesaidiwa na wenzake, wala kuwa na mashine ya nukta nundu wala karatasi zake nzito, atachoka hata awe na moyo wa chuma.

Twajua jibu litakalotolewa: fedha hakuna. Hatudai shule ya viziwi katika kila kijiji. Twadai mambo manne, ambayo mengi yake yahitaji utaratibu kuliko fedha.

Kwanza, watoto wahesabiwe. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kila nyumba. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Kama twaweza kuwatafuta watu wazima kwa ajili ya mkopo, twashindwaje kuwatafuta watoto kwa ajili ya shule?

Pili, katika kila tarafa ichaguliwe japo shule moja, walimu wa elimu maalumu wawekwe hapo wawili au watatu pamoja, na vifaa vikusanywe hapo. Walimu wengine wa shule hiyo wafundishwe na wenzao lugha ya alama jioni, hata saa moja kwa juma.

Tatu, mwalimu wa elimu maalumu asihamishwe kabla mwenziwe hajafika kushika nafasi yake.

Nne, walimu wenyewe wenye ulemavu waajiriwe. Sheria ya 2010 yasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu wenye ulemavu. Mtoto asiyeona akimwona mzazi wake anamsalimu kwa heshima mwalimu asiyeona, hahitaji hotuba nyingine.

Maneno "akimwona" twayaandika makusudi. Watoto hawa wanaona kwa namna yao. Sisi ndio tusiowaona.

Ndugu zangu, Pugu iko jirani hapa. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha pale ili awatumikie watu wote wa nchi hii. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, ujinga ulitajwa kuwa adui mmoja kati ya watatu. Hakuna aliyesema kwamba adui huyo apigwe kwa watoto wengine na aachwe kwa wengine.

Basi kila tawi lifanye hivi. Kabla ya mkutano ujao, mabalozi wapite nyumba kwa nyumba, kwa adabu, bila kumtisha wala kumwaibisha mzazi, maana wako waliowaficha watoto kwa kuogopa kuchekwa. Waandike idadi ya watoto walioko nyumbani, umri wao, na shule iliyo karibu. Karatasi hizo zipelekwe kwa diwani, naye azisome ndani ya baraza la madiwani, afisa elimu akiwapo.

Na siku yule mzee wa mihogo atakapoitwa tena ofisini kwa sababu ya binti yake, awe na haki ya kuuliza: "Nimemleta. Mwalimu wake yuko wapi?" Na awepo mtu wa kumjibu.