AFYA NYUMBANI: Vumbi la Dhahabu na Mionzi ya Saratani

Kijana mmoja wa milimani Upare, wilaya ya Same, ametuletea swali hili: "Mama yangu ana saratani, na daktari amempa barua ya kwenda Dar es Salaam kutibiwa kwa mionzi. Baba mdogo amesikia khabari ya dawa mpya, vumbi la dhahabu litiwalo mwilini ili kuipa mionzi nguvu. Asema tuingoje, kwani mionzi huunguza. Je, tungoje?"

Ewe kijana wetu, khabari aliyoisikia baba yako mdogo si uongo, ila imemfikia nusu.

Mionzi huziua seli za saratani, lakini njiani hupita katika nyama nzima. Ndiyo sababu daktari hupima kiasi chake kwa uangalifu na kukigawa kwa siku nyingi. Wataalamu wakajiuliza: vipi mionzi ile ile ifanye kazi zaidi ndani ya uvimbe bila ya kuongezwa?

Nyinyi watu wa Upare mwaijua ndiva. Ndiva haiongezi mvua hata tone moja; huyazuia maji ya kijito yasipite bure, yapate kunywesha shamba lililokusudiwa. Chembe hizi nazo ni kama hivyo. Madini mazito, kama dhahabu na hafniamu, huinasa mionzi kuliko nyama ya mwili. Yakisha kuinasa hutoa elektroni, ambazo huenda mwendo mfupi sana na kuzidhuru seli zilizo jirani. Chembe zenyewe hupimwa kwa nanomita: ukiigawa milimita moja mafungu 1,000,000, fungu moja ndilo nanomita. Basi asije mtu akakuuzia dhahabu iliyosagwa akaiita dawa. Hiyo si tiba, ni hasara.

Mwaka 2004, huko Marekani, James Hainfeld na wenzake waliwajaribu panya wenye saratani. Katika waliotiwa chembe za dhahabu kisha wakapigwa mionzi, asilimia 86 walikuwa hai baada ya mwaka. Katika waliopata mionzi peke yake, asilimia 20. Lakini panya si mtu. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa wa saratani ya nyama laini, ambao uvimbe wao ulidungwa chembe za oksidi ya hafniamu kabla ya mionzi. Waliokutwa saratani yao imekaribia kwisha kabisa walikuwa asilimia 16, na kwa waliopata mionzi tu, asilimia 8. Ni maendeleo, wala si muujiza.

Sasa zingatia jambo hili: katika jaribio hilo la wagonjwa, hapana mgonjwa aliyeachiwa chembe bila ya mionzi. Ndiva pasipo maji ni shimo kavu. Anayeiacha mionzi ili angoje chembe, ameuacha mto akalinda mfereji.

Profesa Wilfred Ngwa, mzaliwa wa Kameruni, ni miongoni mwa wanaozichunguza chembe hizi. Yeye ndiye aliyeongoza jopo la wataalamu lililoonya mwaka 2022 kwamba vifo vya saratani Afrika kusini ya Sahara, vilivyokuwa kiasi cha 520,000 mwaka 2020, vyaweza kufika 1,000,000 kwa mwaka ifikapo 2030. Na wengi wetu hufika hospitali uvimbe umekwisha kuenea.

Basi usingoje. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ipo kwa sheria tangu 1996, na mwaka 2018 ilipata mashine mpya za mionzi. Kabla ya safari, muulizeni daktari tiba itachukua majuma mangapi, mpate kutengeneza nauli, malazi na mtu wa kumwuguza mama. Khofu ya baba mdogo msiidharau. Mchukueni, naye akamwulize daktari kwa kinywa chake juu ya kuungua.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutafuta dawa, na kutawakali hakumzuii mtu kupanda basi pale Same.

Mwenyezi Mungu amponye mama yako pamoja na wagonjwa wetu wote. Amin.