Harusi ya siku tatu, mtoto wiki tatu nje ya darasa

Mwezi Mei ukiingia, simu za walimu wa darasa mkoani Singida huanza kupokea ujumbe unaofanana. "Mwalimu, habari za kazi. Naomba ruhusa ya siku tatu, mtoto anakwenda kumsalimia bibi yake." Mwalimu anajibu sawa. Siku tatu zinapita, wiki inapita, na kwenye daftari la mahudhurio alama za kutokuwepo zinaendelea kupangana. Mtoto anaonekana tena wiki ya mitihani ya muhula, mikono imekwaruzwa na mashina ya alizeti, na rafiki zake wamefika ukurasa ambao yeye hajawahi kuufungua.

Mzazi wa mtoto huyo si mzembe, na mara nyingi ndiye aliyekwenda mwenyewe kununua sare na madaftari Januari. Tatizo lake ni kwamba kalenda mbili zinagongana ndani ya nyumba moja. Kalenda ya shule inasema muhula wa kwanza unaanza Januari na kufungwa mwanzoni mwa Juni, na muhula wa pili unaanza Julai hadi mwanzoni mwa Desemba, huku kukiwa na mapumziko mafupi karibu na Pasaka na mengine Septemba. Kalenda ya ukoo haijui Pasaka wala Septemba. Inafuata mvua, mavuno, fedha za mavuno, halafu harusi zinazolipiwa na fedha hizo. Msiba ndio kabisa, hauna tarehe.

Ndiyo maana kusema tu "mtoto asitolewe shule" hakumsaidii mzazi. Safari hazifanani.

Msiba wa babu au shangazi ni jambo ambalo mtoto anapaswa kuwepo, na walimu wengi wanalielewa hivyo. Mtoto aliyezoea kulala kifuani kwa bibi yake kisha akaambiwa tu kwamba bibi hayupo tena, anaweza kukaa na jambo hilo moyoni muda mrefu kuliko somo alilolikosa. Lipo pia suala la usalama. Wazazi wote wawili wakiondoka na kumwachia binti wa miaka 10 jirani wasiyemfahamu vizuri, au kijana wa kazi aliyefika mwezi uliopita, wamejiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kukosa hesabu za wiki moja. Katika hali hiyo ni afadhali aondoke nao.

Harusi ni habari nyingine. Harusi ina kamati, ina vikao, ina kadi za michango zinazosambazwa miezi kadhaa kabla. Tarehe yake huchaguliwa na watu walioketi kwenye viti. Kamati inauliza ukumbi upo lini, mchungaji au shehe ana nafasi lini, mpiga picha ana nafasi lini. Ni nadra mtu kuuliza watoto wanafunga shule lini, ilhali kalenda ya mihula hutolewa na wizara kabla mwaka haujaanza, na likizo ya Juni inaangukia pale pale ambapo mazao yameanza kuuzwa.

Mfano mzuri uko ndani ya familia hizo hizo. Kwenye tohara ya wavulana, wazazi wengi hungoja likizo ya Juni na baridi yake, au Desemba, ili kijana apone bila kupoteza masomo. Hakuna aliyewalazimisha. Waliona kidonda kinahitaji muda, wakatafuta muda.

Safari ya tatu ndiyo ngumu kuisema, kwa sababu huvaa nguo za zile mbili. Ni ile ya "kumsalimia bibi" ambayo ukweli wake ni shamba. Mtama na uwele vikianza kukomaa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na shamba lisilo na mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri hadi jioni linaweza kubaki mabua. Kisha alizeti inakatwa, inapigwa, inapepetwa. Bibi mwenye miaka 70 hawezi peke yake, na hana fedha za kibarua. Wajukuu wanaitwa. Kwa bibi huyo suala ni chakula cha mwaka mzima, na mzazi aliye mjini anajua hivyo. Lakini hapo mtoto hakwenda kutembea, amekwenda kufanya kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika shughuli inayoweza kudhuru afya, elimu au makuzi yake. Kumsaidia bibi Jumamosi ni malezi. Kukaa juu ya kichuguu wiki tatu na kombeo mkononi wakati wenzake wako darasani kunaikaribia sana hiyo shughuli inayokatazwa. Familia yenye ndugu watano mijini ikichangishana kibarua mmoja kwa mwezi huo, bibi anapata mikono yenye nguvu zaidi na mtoto anabaki darasani. Michango ya harusi hupatikana, na huu ni mdogo kuliko huo.

Mwaka wa masomo nchini una siku 194. Siku 10, yaani wiki mbili, ni zaidi kidogo ya asilimia 5 ya mwaka mzima. Ongeza siku za mafua, siku ambayo mvua iliharibu njia na siku ambayo sare haikukauka, halafu hesabu upya. Kwenye shule za kulipia, mzazi hupiga hesabu hiyo haraka kwa sababu ada iko mfukoni mwake. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, siku iliyopotea katika shule ya serikali haina bei inayoonekana kwenye risiti, na kitu kisicho na bei ni rahisi kukitoa sadaka.

Uzito wa siku hizo 10 pia hutegemea darasa. Mtoto wa Darasa la Tano anayesoma vizuri anaweza kunakili kazi za mwenzake na kufidia. Mtoto wa Darasa la Kwanza hana namna hiyo. Yuko katikati ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Juma hili mwalimu yuko kwenye "ba, be, bi", baada ya muda mfupi yuko kwenye "nywa", "mbwa" na "ng'a". Aliyekosa hatua ya kati anarudi akikariri kwa sauti kile ambacho wenzake wanakisoma, na katika darasa lenye watoto wengi mwalimu anaweza kuchelewa kugundua kwamba huyu anafuata midomo ya jirani yake tu. Madarasa ya mtihani nayo hayana nafasi. Darasa la Saba hufanya mtihani wa taifa Septemba na Darasa la Nne hufuata baadaye muhula huo huo wa pili, kwa hiyo harusi ya Agosti inakuja wakati mbaya kupita yote.

Nchini Uingereza suala hili lilifika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2015 baba mmoja, Jon Platt, alimtoa binti yake shuleni siku saba akampeleka Florida, Marekani, kwenye bustani za Disney. Alipotozwa faini aligoma kulipa, akidai kwamba kwa ujumla mtoto wake alikuwa anahudhuria vizuri. Aprili 2017 mahakama ilimkatalia. Tangu Agosti 2024 faini ya huko ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, nayo hufika pauni 160 ikicheleweshwa. Wazazi wa kule hujitetea kwamba tiketi na hoteli hupanda bei sana shule zikifungwa. Hapa kwetu LATRA huweka nauli za juu ambazo basi halitakiwi kuzivuka, hata Desemba. Kinachopotea Desemba ni kiti. Sababu zinatofautiana, ila hoja moja ya mahakama ile inafaa hata kwa shule ya kijijini Mkalama: mtoto mmoja akikosa, mwalimu analazimika kurudi nyuma kwa ajili yake, na wote waliokuwepo wanasubiri.

Huku kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria shule hadi amalize elimu ya msingi. Mzazi anaweza kuitwa na mtendaji wa kata na hata kufikishwa mahakamani. Hilo humpata zaidi yule aliyenyamaza. Mwalimu mkuu mwenye barua ya mzazi inayotaja sababu, mahali na tarehe ya kurudi ana cha kuandika kwenye daftari zaidi ya neno mtoro.

Upande wa afya ndio ambao familia nyingi hawauingizi kwenye mpango wa safari. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo ya malaria. Basi likishuka mlima Sekenke na kuvuka kwenda Igunga na Nzega, msafiri ameingia Tabora, mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta na maambukizi ya juu kuliko mingine, karibu asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Mtoto aliyekulia Singida hana kinga aliyonayo binamu yake wa Nzega. Na kwenye harusi watoto hulala kumi chumba kimoja, kwenye mkeka, bila chandarua, baada ya kucheza nje hadi usiku wa manane.

Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Maana yake mtoto anaweza kurudi mzima, akaingia darasani Jumatatu akisimulia keki ilivyokuwa kubwa, kisha homa ikamwangusha wiki ya pili. Nyumbani wanadhani ni mafua ya vumbi, wanampa panado. Siku tatu za ruhusa, wiki moja ya kuchelewa kurudi, wiki nyingine kitandani: hapo ndipo wiki tatu zinapokaribia kutimia. Chandarua kimoja ndani ya begi hakizidi uzito wa kitenge. Homa yoyote baada ya safari ya namna hiyo ni ya kupimwa siku hiyo hiyo, na mzazi amwambie mhudumu bila kuulizwa kwamba mtoto alilala Tabora, Kagera au Kigoma. Mtoto mwenye selimundu, pumu au kifafa asafiri na dawa zake za siku zote za safari na akiba ya wiki moja juu yake, maana hakuna safari ya ukoo iliyowahi kuisha tarehe iliyotajwa.

Usingizi nao. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku tangu Oktoba 2023, na tangu treni ya mwendokasi ifike Dodoma mwaka 2024, familia za Singida zinaweza kwenda Dar es Salaam Ijumaa na kurudi Jumapili. Kwa mahudhurio hilo ni jema, siku moja tu ndiyo inayopotea. Ila mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja. Aliyeshushwa stendi saa 10 alfajiri ya Jumatatu, akavalishwa sare na kupelekwa shuleni, atahesabiwa yupo lakini atasinzia mchana kutwa. Kuondoka huko asubuhi ya Jumapili, hata kama ndugu watanung'unika kwamba hamjala pilau ya mwisho, kunamrudisha mtoto kitandani kwake mapema.

Kuna pia vitu ambavyo hutolewa shuleni kwa siku maalumu na havimsubiri aliye safarini. Dawa za minyoo ni mfano mmoja. Mwingine ni chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Aprili 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walichanjwa kwa dozi moja katika kampeni ya siku chache, wengi wao wakiwa shuleni. Binti aliyekuwa kwa shangazi juma lile hakuwepo kwenye foleni, na inawezekana hadi leo nyumbani hakuna anayekumbuka. Mzazi asiye na uhakika amuulize mwalimu wa afya wa shule, kisha ampeleke binti kwenye kituo cha afya au zahanati iliyo karibu na kadi yake ya kliniki, waangalie kama bado yumo katika umri wa kuchanjwa.